Wawili, Wawili na Mmoja

Ukiajiriwa kuhudumia wazee huku Massachusetts, wikendi si mali yako. Nyumba ya wazee haifungwi Ijumaa jioni. Zamu hupangwa kwa kupokezana, wikendi moja uko kazini na inayofuata uko nyumbani, na mwenzio naye ana ratiba yake isiyojua lolote kuhusu yako. Mume wangu yuko ghalani, anaingia saa tano usiku. Mimi naingia saa moja asubuhi. Zipo wiki tunazoonana mlangoni tu, mmoja anavua viatu na mwingine anavaa. Tunapendana, hilo sina wasiwasi nalo, lakini mazungumzo yetu yamebaki kodi ya nyumba, bili ya umeme, ada ya mdogo wake Mombasa na dawa za mama yangu Tanga. Mume wangu amefikia kuongea kwa ufupi wa risiti.

Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu. Serikali kuu inaiita Siku ya Columbus, miji mingi ya huku imeamua kuiita Siku ya Watu wa Asili, na kwa watu wa New England, majimbo haya ya kaskazini-mashariki, kwa jumla ni wikendi ya kwenda kutazama majani ya miti yakigeuka rangi. Tangu Agosti nilianza kubadilishana zamu na wenzangu. Huyu nikamfanyia sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba, yule nikamfanyia usiku wake wa Jumapili, mpaka nikapata Jumamosi, Jumapili na Jumatatu mfululizo. Mume wangu naye nikamsukuma aombe. Yeye huomba likizo kama anaomba mkopo.

Mama aliniuliza kwa simu kwa nini tusiende wawili peke yetu tukapumzike. Tulishajaribu. Kiangazi tulikwenda kwenye ziwa Winnipesaukee, mahali pazuri ajabu, tukakaa kwenye benchi kutazama maji, na baada ya kimya kirefu nikamsikia mwenzangu anauliza kama nimelipa bima ya gari. Nikaona safari hii twende na watu.

Watu wenyewe ni Mama Pacha na Baba Pacha, wenyeji wa Nakuru, tunaokaa nao mtaa mmoja hapa Lowell, pamoja na pacha wao wa miaka minane. Wa tano kwa watu wazima ni rafiki yetu anayeishi Manchester, ng'ambo ya mpaka wa New Hampshire. Alikuja na ndugu zake kama wakimbizi kutoka Kongo. Kwao ni Bukavu, na sisi tunamwita Bukavu, naye huitika bila kinyongo. Hana mume wala mchumba na hapendi kuulizwa habari hiyo.

Nilipompigia kumwalika alinyamaza kidogo.

"Nitakuya," alisema, "lakini mimi si mpiga picha wenu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba amekwenda ufukweni na watu waliooana, amekwenda harusini na watu waliooana, na kila mara mambo ni yale yale: wanashikana mikono, wanamkabidhi simu zao zote, yeye anarudi nyuma hatua tatu na kuhesabu moja mbili tatu. Halafu wakati wa kula, bili inagawanywa kwa nyumba. Nyumba yenye watu wawili inalipa fungu moja, na yeye peke yake analipa fungu moja. "Mimi ni nyumba?" aliniuliza.

Sikuwa nimewahi kuifikiria hesabu hiyo, na nimeishi kwenye vyama vya kuchangishana tangu utoto wangu. Tukaweka masharti kabla ya kitu kingine chochote: mchango ni wa kichwa, dola 50 kila mtu mzima, watoto bure, fedha zote anashika Bukavu mwenyewe, na mafuta ya gari yanatoka humo, si mfukoni mwa mwenye gari. Picha za watu wote zitapigwa kwa kuegesha simu mahali au kwa kumwomba mpita njia. Baba Pacha alilalamika kwamba tunaandika katiba ya kwenda matembezini. Mke wake akamwambia asome kifungu cha mafuta ya gari kwanza, maana gari ni lao. Alipokisoma alinyamaza.

Jumamosi tulikwenda Salem, na hapa nina ushauri mmoja wa bure: Oktoba usiende Salem na gari. Mji ule mwezi huo unajaa wageni wanaokuja kwa ajili ya Halloween, sherehe ya mavazi ya kutisha, barabara zinaziba, na maegesho yanakwisha kabla hujamaliza kifungua kinywa. Treni inatoka Lowell hadi kituo cha North Station, Boston, unapanda nyingine, na baada ya nusu saa hivi uko Salem. Tiketi ya wikendi nzima ni dola 10 kwa mtu mzima na watoto hawalipi. Bukavu aliitoa ile fedha kwenye bahasha noti moja moja, kama mweka hazina aliyezaliwa hivyo.

Mji ulikuwa umefurika kofia nyeusi zenye ncha. Vijana wamevaa majoho, wazee wamejipaka rangi ya kijani usoni, mbwa wamevishwa mabawa ya popo. Pacha walifurahi hadi basi. Sisi watu wazima tulikuwa na mioyo miwili. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa hapa kwa tuhuma za uchawi, mmoja alikandamizwa kwa mawe hadi kufa, na wengine walikufia gerezani. Kando ya makaburi ya zamani upo ukumbusho wao, uliozinduliwa 1992: ukuta wa mawe uliotokeza mabenchi, kila benchi jina la mtu mmoja na siku aliyouawa. Chini, pale unapoingilia, yamechongwa maneno ya utetezi wao, na baadhi yanakatizwa na ukuta katikati ya sentensi. Nje ya lango hilo kijana alikuwa anauza fagio za kuchezea.

"Kwetu mtu akisema fulani ni mchawi, watu hawavai kofia," alisema Bukavu. "Wanakimbia."

Nikawakumbuka vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ya moshi wa kuni. Sikusema. Mmoja wa pacha aliuliza kama wale watu walikuwa wachawi kweli, na baba yake akajibu haraka, "Hapana. Walikuwa majirani tu." Jibu zuri kuliko ambalo ningelitoa mimi. Tukaondoka pale tukaelekea bandarini, na hapo ndipo wikendi ilipoanza, kwangu mimi.

Gati la Derby ni refu na limenyooka, limeingia baharini kama nusu maili, na siku hizi halina kitu juu yake isipokuwa majani na mnara mdogo wa taa mwishoni. Tulitembea polepole kwa sababu ya watoto. Bukavu, kwa kujaza mazungumzo tu, akamuuliza mume wangu, "Shemeji, meli za hapa zilikuwa zinakwenda wapi?"

"Kwetu," alijibu.

Halafu akaendelea. Alieleza jinsi manahodha wa Salem walivyokuwa wakifika Zanzibar tangu miaka ya 1820, jinsi Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alivyotiliana mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na jinsi konseli wa kwanza wa Marekani kule Unguja, aliyeanza kazi 1837, alivyokuwa Richard Waters, mtu wa mji huu huu. Walileta vitambaa vya pamba, wakaondoka na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti. Sandarusi ile ya kutoka mwambao ilisafishwa hapa Salem kiwandani, ikawa vanishi ya samani za watu wenye uwezo. Na mwaka 1840 Sayyid Said naye akatuma meli yake, Sultana, mpaka New York, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman. Alikuwa anaongea kwa mikono, anarudi nyuma kinyumenyume ili atutazame sote, sauti imepanda. Baba Pacha aliacha kutazama simu.

"Na wewe umeyajuaje haya yote?" Bukavu akauliza.

"Nilikuwa natembeza wageni Mji wa Kale, Mombasa. Kabla ya kuja huku."

Hilo nilikuwa nalijua, kwa maana ya kujua kwamba limo kwenye orodha ya kazi alizowahi kufanya. Lakini sikuwahi kumsikia akifanya kazi yenyewe. Tulikutana huku, kwenye foleni ya kuchukua mizigo ya mtu mwingine, akiwa tayari ni mtu wa ghala. Nilitembea nyuma yao nikimsikiliza kama mgeni aliyelipia.

Jumapili ndiyo ilikuwa ya majani. Mama Pacha aliendesha kwa sababu mumewe alikuwa ametoka zamu ya usiku, na kati yetu hatuna utani na usingizi wa barabarani. Kila mmoja ana mtu anayemfahamu aliyelala kwenye usukani. Kutoka Lowell hadi Lincoln, New Hampshire, ni kama kilomita 160. Tulimpitia Bukavu njiani. Barabara yenyewe wanayoifuata watu wote inaitwa Kancamagus, jina la kiongozi wa karne ya 17 wa Penacook, watu wa asili wa huku, nayo inakatisha Milima Myeupe kutoka Lincoln hadi Conway, kilomita 55 hivi. Katika urefu wote huo hakuna kituo cha mafuta, hakuna hoteli, na simu nyingi hazishiki mtandao. Jaza mafuta Lincoln. Shusha ramani kwenye simu kabla hujaondoka. Nenda haja.

Chakula tulibeba wenyewe. Kwenye njia ya kufika huko sehemu nyingi za kula ni nyama na mume wangu hali nyama asiyojua imechinjwaje, kwa hiyo hotpoti la pilau lilikuwa langu, Mama Pacha alileta chapati na dengu, na Bukavu alileta sombe, yaani kisamvu, kwenye chombo cha barafu pamoja na mayai ya kuchemsha. Chai ya tangawizi ilikuwa kwenye chupa mbili. Wazungu waliokuwa wakitafuna biskuti kwenye meza za jirani walikuwa wanatutazama kwa jicho la wivu, au ndivyo tulivyopenda kuamini.

Kabla ya Lincoln pale kwenye alama za barabara za jimbo kuna uso wa mtu wa pembeni, pua na kidevu. Ni uso wa jabali uliokuwa juu ya mlima wa Franconia. Ulianguka tarehe 3 Mei 2003, lakini alama zimebaki nao. Pacha waliona ajabu. Baba Pacha alipofumbua macho na kuonyeshwa milima yenyewe, alicheka.

"Hii mnaita mlima? Wacha wee. Hii ni kilima."

Mtu aliyetoka nchi yenye Mlima Kenya, mita 5,199, ana haki ya kusema hivyo. Mkubwa wa huku, Mount Washington, una mita 1,917 tu. Lakini pale juu mwaka 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa, na watu hufa kule hata miezi ambayo bondeni wanakula aiskrimu. Vilima vya huku vinahitaji adabu. Baba Pacha alikuwa amevaa fulana ya pamba na suruali ya jinzi. Tulipofika kwenye maporomoko ya Sabbaday mvua nyepesi ilianza, jinzi ikalowa, na pamba ikishalowa haikupi joto lolote, inakunyonya lile ulilonalo. Nilikuwa na sweta ya sufu ya ziada. Aliivaa, ya kike, yenye maua kifuani, na akaivaa mpaka jioni bila kusema neno "kilima" tena.

Niseme juu ya majani, maana ndiyo watu waliyoyafuata. Pale juu kabisa barabarani, kwenye mita 870 hivi, tulikuwa tumechelewa. Miti ilikuwa imeshapukutika, imebaki misonobari. Ukishuka upande wa Mto Swift ndipo unakutana nayo: miti ya mepo, ile inayokamuliwa utomvu wa shira mwezi Machi, imewaka nyekundu na chungwa bonde zima, na katikati yake mibirchi ya njano yenye magome meupe. Nimeona picha zake kwenye kalenda nyingi. Picha hazina harufu. Kuna harufu ya majani yaliyolowa, karibu na ya chai iliyomwagika, na kuna sauti yake chini ya viatu.

Baba Pacha alifundisha baiolojia sekondari kabla ya kuja huku, na sasa fursa ilimwangukia. Kijani, alisema, ni klorofili, na siku zikifupika mti unaacha kuitengeneza, ile iliyopo inavunjika. Njano haiji, ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa. Nyekundu ndiyo inatengenezwa upya, kwa sukari iliyokwama kwenye jani, na inakolea ukipata mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Akasafisha koo.

"Sasa hata ndoa..."

"Wacha mahubiri," mkewe akamkata. "Nipe maji."

Wale wawili waligombana pia, na ugomvi wenyewe ni wa thamani kusimulia. Mama Pacha alipita mahali pa kuegesha alipoelekezwa, mumewe akasema jambo kuhusu macho, yeye akasema jambo kuhusu mtu aliyelala njia nzima, na gari zima likawa kimya. Ukiwa na watu wa ndoa nyingine ndani ya gari moja, wakati kama huo kuna kishawishi cha kupatanisha. Mume wangu alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Bukavu, kiti cha nyuma, alianza kumenya mayai. Akampa mmoja wa pacha, akampa wa pili, akapitisha moja mbele kwa dereva na moja kwa aliye pembeni yake, na chumvi kwenye karatasi. Hakuna aliyesema pole wala samahani. Walikula. Kilomita chache mbele Mama Pacha aliuliza kama kuna lingine.

Adhuhuri mume wangu aliswali juu ya mwamba kando ya mto. Kibla cha huku ni kaskazini-mashariki, watu wengi huona ajabu wakiambiwa. Nilipomsubiri na viatu vyake mkononi, Bukavu alikaa karibu yangu.

"Bwana yako anaongea vizuri," alisema. "Sababu gani ulituficha?"

Nikamwambia nyumbani haongei hivyo.

"Unamuulizaka nini?"

Nilianza kumtajia: kama amelala, kama amekula, kama fedha zimeingia. Alinisikiliza akatikisa kichwa, akaondoka kwenda kuwatoa pacha majini. Hakunishauri kitu. Mtu asiye na mume huku kwetu haruhusiwi kushauri walioolewa, ni mila isiyoandikwa, na sidhani kama ni mila nzuri. Yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuwatazama watu wote wanne, maana sisi kila mmoja alikuwa anamtazama wake, au anamkwepa.

Picha ya wote saba ilipigwa na mzee mmoja mwenye mbwa pale Rocky Gorge. Alikata miguu yetu lakini majani yote yameingia. Jua huzama mapema mwezi huo, saa kumi na mbili jioni tayari linaaga, na tulirudi gizani na msururu wa taa nyekundu mbele yetu hadi karibu na Concord. Foleni ya Jumapili ya wikendi hiyo haina mjanja.

Jumatatu asubuhi ilikuwa matufaha, huko Stow, nusu saa na ushee kutoka kwetu. Unanunua mfuko mtupu kwa bei ya ukubwa wake, unaingia shambani, unachuma mwenyewe. Tufaha halivutwi, unalinyanyua na kulizungusha, likiwa limeiva linakubali lenyewe na kikonyo chake. Ukilivuta unaondoka na tawi la mwakani. Niliwaonyesha wenzangu bila kufundishwa, kwa sababu Tanga siyo minazi na mikonge tu. Lushoto kuna matufaha, na shangazi yangu alikuwa na miti yake nyuma ya nyumba. Mti huo unataka baridi ndipo uzae, na Usambara inao ubaridi wa kiasi. Ya huku ni makubwa mara mbili na matamu zaidi. Ya shangazi yana ukali ambao bado nautafuta.

Dukani kwao walikuwa wanauza andazi la duara lenye tundu na kinywaji cha kahawia wanachokiita sida. Mume wangu alirudisha kikombe, maana sida anayoijua yeye ni pombe. Hapa Marekani iliyoandikwa hivyo tu ni juisi ya matufaha isiyochujwa. Yenye kileo huandikwa "hard" mbele yake. Uingereza ukiagiza utapata kileo. Kwa Mwislamu hilo ni la kujua kabla ya kumeza, na la andazi pia: uliza linakaangwa kwa mafuta gani, wengine hutumia ya nguruwe. Hawa walitumia ya mimea. Alikula matatu.

Mchana tulikwenda mahali ambapo tumepita mbele yake kila siku tukielekea dukani: kiwanda cha zamani cha Boott hapa Lowell, ambacho sasa ni makumbusho. Chini wana ukumbi wa mashine za kufuma ambazo bado zinawashwa. Wanakupa vizibo vya masikio mlangoni, na mpaka ziwake ndipo unaelewa kwa nini. Sakafu inatetemeka, meno yanatetemeka. Wasichana wa mashambani walisimama hapa zaidi ya saa 70 kwa wiki katika miaka ya 1840, wakilala mabwenini, wakiamshwa na kengele, wengi wakituma fedha nyumbani kusomesha kaka zao. Mwaka 1845 Sarah Bagley na wenzake walipeleka madai kwa bunge la jimbo wakitaka siku ya kazi iwe ya saa kumi. Hawakupewa. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa kusini. Mama Pacha alisoma maandishi yale yote ukutani, mikono nyuma, kisha akasema, "Hawa ni sisi, ila wao walikuwa na kengele na sisi tuna alamu."

Ghorofani kulikuwa na majora ya kitambaa cheupe kizito. Mume wangu alikishika kati ya vidole viwili, akakizungusha, akakivuta upande.

"Babu angekubali hiki," alisema.

Nilikuwa na mdomo wazi wa kumkumbusha kwamba maegesho yanakwisha saa kumi. Nikauliza badala yake, "Babu yupi?"

Babu yake mzaa mama alikuwa fundi wa matanga ya majahazi, pale Bandari ya Kale. Alishona akiwa amekaa chini, tanga limejaa barazani hadi mlango haufunguki, na kiganjani amevaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano. Kitambaa cha zamani zaidi kilitoka huku Massachusetts. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 vikakikata, Bombay ikachukua soko, na enzi za babu hata Japani ilikuwa inaleta. Lakini mzee alikuwa anapima kila jora kwa kulivuta hivi, upande, na kusikiliza. Mume wangu akiwa mtoto ndiye aliyemtilia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Nimeolewa na mtu huyu miaka, na nimejaza fomu zake zote za uhamiaji, zile zinazouliza majina ya ukoo hadi unachoka. Hakuna fomu iliyouliza babu alifanya kazi gani. Niliuliza tena, na tena: jina la baraza, rangi ya uzi, nani alilipa. Tulichelewa maegesho. Bukavu alilipa nyongeza kutoka kwenye bahasha, akaandika.

Jioni ile kwenye kikundi chetu cha simu akatuma hesabu: treni, mafuta, maegesho ya msituni dola 5, matufaha, maandazi, ile nyongeza. Imebaki dola 31. Akatuma na picha moja aliyopiga kule mtoni bila kuombwa. Mume wangu ananionyesha kitu kwa mkono, mimi namsikiliza, na kichwa cha mmoja wa pacha kimefunika nusu ya uso wangu. Chini yake aliandika kwamba hiyo amepiga kwa hiari yake na isichukuliwe kuwa desturi.

Baba Pacha alipendekeza dola 31 zigawanywe. Alikataliwa na watu wanne. Zikabaki kwenye bahasha hadi Februari, ambapo Bukavu amesema tukale kwake Manchester, na atakayeleta habari za kwenda nje kwenye theluji arudi na gari lake. Mume wangu ameshamwandikia msimamizi wake kuomba siku. Hajasukumwa na mtu. Sasa Mama Pacha anauliza sweta yangu airudishe lini, kwa sababu mumewe bado anaivaa.